Nyimbo za wanawake za kudai haki: maswali mnayotuuliza kila leo

Haya, sisi wanawake wa Mombasa tunaoimba nyimbo hizi barabarani tumechoka kujibu mmoja mmoja kwenye wasap. Maswali ni yale yale, tukitoka mazoezini Majengo, tukipanda feri ya Likoni na pembe zetu za nyati za kugonga mkononi, klipu yetu ikizunguka kidogo tu, simu zaanza. Kwa hivo nimeyaweka yote hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu manake yana utamu wake na mengine ni mstari mmoja. Swali la mavazi yetu silijibu.

Wimbo wa kudai haki ni upi hasa? Kwani kila wimbo wa mwanamke analia si ni huo huo?

La, si huo. Nyimbo za mwanamke kuachwa na mume ziko tele, ni nzuri, twazicheza harusini mpaka asubuhi, lakini hazimdai mtu kitu. Wimbo wa kudai haki mimi nauangalia mambo mawili: kuna anayedaiwa, iwe serikali, chifu, bosi, mume wa mtu au mji mzima, na pili mtu ambaye hakuwepo ulipotungwa aweza kuuingilia papo hapo akaimba na nyinyi. Hilo la pili ndo kubwa. Mtu mmoja ana sauti tamu nanyi mumekaa kwenye viti mwamsikiliza, hiyo ni shoo, haina ubaya, lakini ni shoo. Nguvu ya wimbo wa barabarani iko kwa waitikiaji. Mwanamke mmoja akisema fulani ametudhulumu atafuatwa mpaka kwake, wakisema wanawake mia kwa sauti moja hapo atafuatwa nani? Nitalirudia hili mpaka muchoke.

Haya si mambo ya wazungu mumeyaleta juzi na intaneti?

Hili swali hunikera lakini nalijibu kwa sababu watu wazima wenye akili zao huniuliza. Ndugu yangu, panda matatu hapo uende Malindi, kuna sanamu ya Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 Waingereza walikuwa wakitaka kodi ya vibanda na vijana wa Kigiriama waende kuwafanyia kazi, na huyu mama, mjane, hakuanza kwa kuandika barua. Alianza na ngoma ya kifudu. Kifudu ni ngoma ya matanga, watu wakiisikia waja, hapana anayeuliza imeitishwa na nani, na wanawake wana nafasi yao kubwa ndani yake. Alizunguka nayo kijiji kwa kijiji, na watu wakishakusanyika ndipo alipokuwa akisema yake. Mimi hapo ndo humvulia kilemba, manake serikali ingeweza kukataza mkutano lakini kukataza watu wasilie maiti wao ni kazi nyingine.

Oktoba mwaka huo wakamshika yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka Kisii, mbali kabisa, nyuma ya nchi. Mwaka 1914 wakatoroka wakarudi kwa miguu mamia ya kilomita. Agosti mwaka huo Waingereza wakailipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti. Sasa wewe waniambia nimejifunza kuandamana kwenye TikTok.

Na sisi Waswahili wa mjini? Mekatilili ni Mgiriama.

Ni wetu sote, lakini sawa, tuingie mjini. Mji huu ulikuwa na lelemama. Mkiwa na nyanya mwenye miaka 80 na zaidi muulizeni, atacheka kwanza alafu ataangalia mlangoni kama kuna mtu alafu ndo ataanza. Lelemama ilikuwa ngoma ya wanawake watupu, wamejipanga mstari, mwili wasogea kidogo tu kwa madaha, na kila kundi lilikuwa na jina, viongozi wenye vyeo, sare, na pesa za mchango. Ibinaal Watan na Banu Saada ndo yalikuwa mahasimu wakubwa, mji uligawanyika mtu na dadake. Kundi hili likitoka na sare ya kutisha, lile litatoka na kubwa zaidi, na kwenye nyimbo walikuwa wakitoana aibu waziwazi, nani kafanya nini na nani, nyumba gani, siku gani.

Mtu atasema huo ni umbea, haki iko wapi hapo. Ngoja. Kwanza hiyo ilikuwa mahakama ya wanawake, mwanaume ambaye hawezi kuguswa na kadhi wala Mzungu aliweza kuguswa na wimbo, na mwanamke pia, tusijifanye. Pili ni kwamba hapo ndipo wanawake walipojifunza kuendesha kikao, kuweka hesabu, kuchagua kiongozi na kumtoa. Miaka ya 1950 yakaja makundi kama Muslim Women's Institute na Muslim Women Cultural Association, yakapigania wasichana wasome, na uzoefu wa kuendesha mambo wanawake wengi walikuwa wameupata kwenye lelemama. Kwa hivo mukiona sisi twagombania nani aanze beti, hiyo ni urathi.

Alafu kuna vugo, hiyo mwaijua, ya kumtembeza bwana harusi ama kuzunguka mitaani na pembe za nyati zikigongwa kwa kifimbo. Mwanamke wa Mji wa Kale ambaye mchana hakupaza sauti dukani, usiku wa vugo alipita mlangoni kwako akakuimbia ulivyo, na huna la kumfanya manake ni harusi.

Siti binti Saad anaingiaje hapa? Yeye si taarabu ya mapenzi?

Aliimba mapenzi pia. Lakini skizeni. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, wazazi wake walikuwa watumwa, jina lake la kwanza lenyewe Mtumwa, akawa mwuza vyungu, mpaka akaja kuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kurekodi santuri, Bombay, mwaka 1928. Shaaban Robert ameandika maisha yake, shuleni wengine wetu tulikisoma.

Sasa kuna wimbo wake wa Kijiti. Kijiti ni mwanaume, aliua mwanamke mgeni aliyekuja Unguja kutembea, mwanamke mwenyewe ana mimba, alafu yule muuaji akatoroka bara. Kesi ikafika kortini, na walioadhibiwa ni akina nani? Wanawake waliokuja kutoa ushahidi, kwa sababu ya pombe ya siku ile. Siti akaisimulia yote, wimbo ukapigwa kwenye santuri ukasambaa pwani nzima ukafika mpaka huku. Yaani hukumu ya korti iliwafikia watu wachache na hukumu ya Siti ikafika kwenye kila nyumba yenye gramafoni. Kila nikisoma habari za mwanamke ameuawa alafu watu wauliza alikuwa afanya nini saa ile, naukumbuka huo wimbo, na una karibu miaka mia sasa.

Kenya bara walifanya nini?

Machi 16, 1922, Nairobi. Harry Thuku, kiongozi aliyepinga ukoloni, ameshikwa, watu wamejaa nje ya kituo cha polisi, wanaume wameingia kuongea na serikali wakatoka wakawaambia watu waende nyumbani. Muthoni Nyanjiru akasimama mbele, akainua nguo yake, akawaambia wanaume chukueni nguo yangu munipe suruali zenu. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga, polisi wakapiga risasi. Zaidi ya watu 20 waliuawa na Nyanjiru ni mmoja wao. Vigelegele hivyo vya harusini, ndivyo hivyo hivyo.

Na 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa, pale Uhuru Park, pamoja na Wangari Maathai. Walikaa wakaimba na kusali, polisi walipokuja na virungu baadhi ya kina mama wakavua nguo. Baadaye wakahamia kanisa la All Saints, wakakaa humo muda mrefu, na wafungwa wakaanza kuachiliwa. Hapo mwataka niongeze nini.

Nje ya Kenya je? Tupeni mifano tuitumie kwenye insha.

Wanafunzi, salamu. Andikeni hii.

Nigeria mashariki, 1929. Nwanyeruwa, mwanamke wa Oloko, yuko nyumbani kwake akamua mawese, akaja mtu ametumwa na chifu wa kuteuliwa na Waingereza, amwambia hesabu mbuzi wako na kondoo wako na watu wako. Akamjibu, kwani mamako alihesabiwa? (Jibu la Kimombasa kabisa hili.) Wanawake walijua kuhesabiwa ndo mwanzo wa kodi. Wao walikuwa na desturi yao ya kumkalia mwanaume aliyekosa, waenda kwake usiku, wamzunguka, waimba makosa yake yote, wacheza, wagonga ukuta kwa michi, mpaka aombe radhi. Safari hii wakamkalia chifu, kisha wakakalia machifu wa eneo zima, maelfu kwa maelfu. Wanajeshi na polisi wakaua wanawake zaidi ya 50. Lakini yule chifu wa Oloko alivuliwa kofia akafungwa, na mfumo wenyewe wa machifu wale ukaja kubadilishwa.

Nigeria tena, Abeokuta, kina mama wa sokoni na Funmilayo Ransome-Kuti, ndiye mamake mwanamuziki Fela kwa wale wasiojua. Mwisho wa 1947 walikuwa wakilala nje ya kasri la mfalme wao wakiimba nyimbo za kumtukana, matusi ya mfano yenye vina, kwa sababu ya kodi ya wanawake. Kodi ikasitishwa, na Januari 1949 mfalme akajiuzulu.

Afrika Kusini, Agosti 9, 1956, wanawake kama 20,000 walikwenda Pretoria kukataa kubebeshwa pasi, vile vitambulisho vya kuwazuia Waafrika kutembea watakavyo nchini mwao. Waliongozwa na Lilian Ngoyi, Helen Joseph, Rahima Moosa na Sophie Williams, yaani Mwafrika, Mzungu, Mhindi na chotara, makusudi. Waziri mkuu Strijdom hakutokea. Walisimama kimya nusu saa, umati wote huo, na wengine wana watoto mgongoni. Kisha wakaimba. Ule wimbo wao wa kumwambia Strijdom ukigusa wanawake umegusa jiwe mpaka leo waimbwa, na tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa kule. Mimi kila nikiisoma hii ile nusu saa ya kimya ndo hunishika zaidi kuliko wimbo, na tumejaribu mazoezini, hatufiki hata dakika tano mtu ashaanza kuongea.

Na hao wazungu wenyewe?

Nao wana zao, wasipunjwe. Uingereza, Ethel Smyth alikuwa mtunzi wa muziki, mwaka 1910 akawatungia wanawake waliodai kura wimbo wa kutembea nao, maneno ya Cicely Hamilton. 1912 akafungwa jela ya Holloway kwa kuvunja vioo, na rafiki yake Thomas Beecham alipokwenda kumtembelea akakuta wanawake wamezunguka uani waimba, na Smyth yuko dirishani juu awaongoza na mswaki. Kura wakapata 1918 lakini wa miaka 30 na zaidi, sawa na wanaume ilikuwa 1928. Marekani mwaka huo huo 1912, mji wa Lawrence, wafanyakazi wa viwanda vya nguo, wengi wanawake na wasichana wahamiaji wa lugha kibao, waligoma kwa kukatwa mshahara, na kwa kuwa hawasikizani kwa maneno waliimba. Walishinda nyongeza.

Siku hizi bado ziko nyimbo kama hizo au ni zamani tu?

Ziko sana. Novemba 2019 kundi la Las Tesis la Valparaíso, Chile, walitunga kitu kifupi cha kuimba na kucheza kuhusu ubakaji, macho yamefungwa kitambaa cheusi, na ndani wakaingiza mistari ya wimbo wa polisi wa kwao wenyewe. Ndani ya wiki chache kikawa chachezwa nchi nyingi, kila watu wakitia lugha yao. Ukikiangalia vizuri utaona siri: hatua chache, maneno machache, mtu ajifunza nusu saa. Wangeweka densi ngumu ingebaki Valparaíso.

Hapa kwetu Januari 27, 2024 miji mingi ya Kenya iliandamana kwa ajili ya wanawake wanaouawa, na Mombasa ilitoka. Waliokuja wengi hawajuani, wengine wa chuo, wengine mama wa soko, wengine hawajawahi kuandamana maisha yao, kwa hivo nyimbo zinazofaa siku kama hiyo ni zile kila mtu ashaijua sauti yake tangu utotoni, unabadilisha maneno tu.

Niambieni ukweli, wimbo ushawahi kubadilisha sheria?

Peke yake, hapana. Atakayekwambia wimbo ulileta sheria ya makosa ya ngono ya 2006 amekudanganya, hiyo ililetwa na mswada, na Njoki Ndung'u bungeni, na kupigiwa kelele na kuchekwa na wabunge wanaume, na kura. Wale wa Pretoria waliimba 1956 na sheria za pasi zimefutwa 1986, miaka 30, baadhi ya walioimba walikuwa washakufa.

Kwa hivo wimbo wafanya nini? Wafanya watu wasiondoke. Mumekaa juani tangu asubuhi, mbunge hatoki, maji yameisha, hapo hotuba haisaidii tena na watu waanza kuangalia simu. Wimbo huwaweka. Wafanya pia kwamba aliyekuja peke yake na woga wake asijione peke yake. Na wabeba jambo mbali kuliko karatasi. Dadangu hajasoma Katiba hata ukurasa mmoja lakini kuna kifungu akijua chote kwa sababu tumekitia kwenye wimbo, nitawaeleza hapo chini.

Mbona mwatumia mafumbo? Si museme wazi tu?

Inategemea. Fumbo ni zuri pale ambapo ukisema wazi utaumia, au pale unataka mwenyewe ajijue bila wewe kumtaja. Pwani ndo twaishi hivyo, hata leso twafunga ya kumjibu mtu, waenda Biashara Street watafuta maneno kabla ya rangi. Lakini fumbo lina mipaka. Serikali haielewi fumbo. Ukimwimbia waziri habari za jogoo na kifaranga atapiga makofi na kuwapa pesa ya soda. Kwa serikali taja kitu kwa jina: maji, wodi ya wazazi, kituo cha polisi kisicho na dawati la jinsia, hiki na hiki.

Mipasho ya taarabu basi nayo ni harakati?

Kwa maoni yangu mara nyingi si harakati, na najua kuna mashoga zangu watanuna. Taarabu ya Mombasa ina wanawake waliofungua njia. Zuhura Swaleh alipoingiza mdundo wa chakacha, ule wa wanawake ndani, kwenye taarabu ya jukwaani, alifanya jambo kubwa, na Malika sauti yake imefika mbali. Hilo la kusimama mbele ya watu lenyewe lilikuwa ujasiri wakati ule. Lakini mpasho wa kawaida mwanamke amrushia nani? Mke mwenza, wifi, jirani. Mume aliyeleta balaa yote yuko pembeni anatunza noti. Mimi nasema kama una ulimi mkali hivyo, mashallah, ugeuze kidogo tu uelekee juu.

Twataka kutunga wetu. Twaanzaje?

Hapa nitakaa kidogo.

Anzeni na kiitikio, musianze na beti. Kiitikio kiwe kifupi, mtu akisikie mara mbili ya tatu awe akiimba. Mahadhi chukueni ambayo watu washayajua, vugo, chakacha, wimbo wa skuli, wa kanisani kama watu wenu ni wa kanisani. Mwaka 2002 Kenya nzima iliimba yote yawezekana bila Moi, na ule ulikuwa wimbo wa kanisa wa imani, walibadilisha neno moja mbili tu, na hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Mfano wetu. Tulitaka wimbo wa Kifungu cha 27 cha Katiba, kile kisemacho vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa visiwe na zaidi ya thuluthi mbili za jinsia moja. Katiba ni ya 2010. Bunge halijakitimiza, mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga akamshauri rais alivunje, na halikuvunjwa. Dada mmoja wetu wa chuo akaja na kiitikio: "Twataka utekelezaji wa kanuni ya thuluthi mbili za jinsia." Maneno ya haki kabisa, lakini kuyaimba ni kama kupitisha kabati mlango wa kibanda, tukijaribu pembe imeshamaliza na sisi bado tuko "utekelezaji". Tukakata, tukakata, kukatokea kelele, mtu akasema tuache tu. Alafu mama mmoja wa kuuza mahamri, ambaye alikuwa kimya apanga vikombe, akasema kwani si mwauliza tu fungu lenu liko wapi? Ikawa hivi:

Katiba tulipigia kura
— Thuluthi yetu i wapi?
Elfu mbili na kumi hiyo
— Thuluthi yetu i wapi?
Bungeni suti zimejaa
— Thuluthi yetu i wapi?
Kamati ya soko ni kina baba
— Thuluthi yetu i wapi?

Imekwisha. Anayeanzisha aweza kutia chochote, kamati ya msikiti, bodi ya skuli, sako ya matatu, kiitikio hakibadiliki. Siku moja mtoto alitia "sambusa zimeliwa zote", tukaitikia pia.

Angalieni pia pumzi. Mkitembea jua la Moi Avenue kutoka Pembe za Ndovu hamuwezi kuimba mshororo mrefu, mwahema. Na pangeni waanzishaji zaidi ya mmoja, sauti hukauka, na mmoja akishikwa na polisi wimbo usikatike.

Ngoma zipi twahitaji?

Pembe na kifimbo chake, tari, na makofi. Msondo, ile ngoma ndefu, ukiwepo ni raha lakini ni mzito kutembea nao. Spika za bufa mimi sizipendi, zinawafanya watu wasikilize badala ya kuimba, na stima ikipotea mumekwisha.

Dini yasemaje? Sauti ya mwanamke si aura, yaani kitu cha kusitiriwa?

Hili huulizwa kwa nia njema na mara nyingine kwa nia ya kutunyamazisha, mimi nitajibu ile ya kwanza. Mimi si ustadha. Wanazuoni wamekhitilafiana, wako wasemao sauti yenyewe si aura na kilichokatazwa kwenye Surat Al-Ahzab ni kulegeza sauti ya kumtamanisha mtu, na wako walio wakali zaidi. Kila mmoja amuulize anayemuamini. Kwetu wengine huimba popote, wengine huimba tukiwa wanawake watupu, na wengine hupiga pembe tu siku ya barabarani, na hakuna anayeulizwa kwa nini. Ila ningependa wanaouliza habari ya sauti yetu tukidai wodi ya wazazi waulize pia tukiimba kwenye kampeni zao, hapo sijawahi kuulizwa.

Wanaume waruhusiwa kuja?

Waje, waitikie. Kuanzisha ngojeni kwanza. Kuna mfano mzuri wa Iran 2022, Mahsa Amini, msichana aliyeshikwa kwa ajili ya hijabu, alipofariki mikononi mwa polisi wa maadili, wimbo uliobeba vuguvugu lile uliimbwa na kijana mwanaume, Shervin Hajipour, na alichofanya ni kuchukua maneno ya watu waliyoyaandika mtandaoni akayaunga. Akashikwa kwa hilo, na 2023 akapewa tuzo ya Grammy. Hakujisemea yeye. Na mukumbuke kule mwanamke kuimba peke yake mbele ya wanaume kumekatazwa tangu mapinduzi ya 1979.

Twahitaji ruhusa ya polisi?

Ruhusa si neno lake. Kifungu cha 37 cha Katiba chatupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya utulivu wa umma (Public Order Act) yataka mpeleke taarifa kituoni, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Andikeni njia mutakayopita na saa, pelekeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri murudi nayo. Akikwambia afisa "sijawapa pamiti", muonyeshe muhuri, kwa adabu. Na pembe si silaha, tushaulizwa.

Kutumia sauti ya wimbo wa mtu si wizi?

Nyimbo za jadi hazina shida. Wimbo wa msanii aliye hai ukiimbwa barabarani kwa midomo sijaona mtu akishtakiwa, lakini ukiurekodi uuze hiyo ni kesi nyingine, muombe. Na kubadilisha maneno kwaweza kuugeuza wimbo kabisa. Respect ni ya Otis Redding, 1965, mwanaume ataka heshima akirudi nyumbani, alafu Aretha Franklin 1967 akauchukua akaugeuza, na leo ukiutaja hakuna amkumbukaye Otis.

Twaweza kutaja majina ya waliouawa kwenye wimbo?

Kama familia imekubali, ndio. Kama haijaulizwa, hapana, hata kama jina liko kwenye magazeti kila siku. Kuna mama ataisikia hiyo klipu kwenye tuktuk bila kujitayarisha.

Sina sauti. Naweza kujiunga?

Wenye sauti tunao wengi mno na wote wataka kuanzisha. Wewe ndiye tunayekutafuta.

Klipu zenu twaweza kuposti?

Ombeni kwanza, kuna dada zetu ambao nyumbani hawajajua wako nasi. Nyuso za mbele wameshakubali, za nyuma zifunikeni. Na musitie muziki wa redio juu yake, mara mbili klipu yetu imezimwa sauti kwa sababu mtu alitia biti ya watu, wimbo wa kudai haki ukabaki midomo tu yafunguka na kufungwa.